Simu ya Saa Kumi Jioni: Mwongozo Kamili kwa Mtaalamu Anayeitwa Kwenye Taarifa ya Habari

Simu yenyewe huingia saa kumi jioni, au saa kumi na nusu. Ni sauti ya kijana anayeongea mbiombio: "Shikamoo Dokta. Nimepewa namba yako na mwenzako wa chuo. Kuna habari ya mahindi yaliyozuiliwa mpakani, tunaomba uje studioni saa mbili usiku utufafanulie." Unakubali kabla hajamaliza. Saa nne usiku unarudi nyumbani, simu imejaa ujumbe, na shemeji yako wa Songea anauliza kwa nini umewaambia watu waache kula ugali. Hukusema hivyo. Au ulisema?

Kwa miaka mingi mimi ndiye nilikuwa upande wa pili wa simu hiyo, mtayarishaji wa vipindi vya habari. Nimewaita madaktari, wahandisi, wataalamu wa samaki, wa volkano, wa dengue. Wengi wao walilijua jambo lao barabara. Walioharibikiwa, karibu wote, waliharibikia mahali pamoja: kwenye lile swali la mwisho, jepesi, linaloulizwa sekunde ishirini kabla ya kufunga, ambalo halikuwa lao kulijibu. Maandalizi yote yanayofuata hapa yanaelekea kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Usikubali kabla hujauliza

Ujue kwanza hali ya anayekupigia. Ana dakika mbili au tatu za kujaza, mhariri yuko nyuma yake, na wataalamu watatu aliowapigia kabla yako hawakupokea. Hatafuti mjuzi kuliko wote nchini, anatafuta anayejua, anayeongea vizuri, na anayeweza kufika. Mimi mwenyewe niliwahi kumweka daktari wa mifugo mbele ya kamera azungumzie homa ya binadamu kwa sababu yeye ndiye aliyepokea simu. Alijitahidi, maskini. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyechekwa mtandaoni kwa wiki nzima alikuwa yeye.

Kwa hiyo mwulize, kwa upole lakini mpaka ujibiwe: Ni mubashara au tunarekodi? Nitapewa dakika ngapi? Nitakaa peke yangu au kuna mwingine, na ni nani? Kwa nini habari hii imetoka leo? Mtangazaji ataanza na swali gani? Swali hilo la kwanza huwa limeshaandikwa, na mtayarishaji mzuri atakusomea. Akisema "tutaona hapo hapo," jua hakuna aliyejiandaa, na maandalizi yote ni juu yako.

Kubwa kuliko yote, jiulize kama jambo hili ni lako kweli. Mtu wa nje huona "mwanasayansi" tu. Hajui kwamba anayesoma mbu si lazima ajue chanjo inavyotengenezwa, na kwamba mtaalamu wa udongo si mtaalamu wa bei ya mbolea. Ukiona si lako, kataa na papo hapo mpe jina la anayefaa. Mtayarishaji hatakuchukia. Atakuandika kwenye daftari kama mtu wa kuaminika, na siku jambo lako likitokea atakupigia wewe kwanza. Anayekubali kila mwaliko huishia kuwa "mchambuzi" wa mafuriko Jumatatu na wa umeme Alhamisi, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka alisomea nini.

Hatua ya 2: Ruhusa

Kama umeajiriwa na taasisi ya umma, mpigie msemaji wa taasisi au mkuu wako kabla hujapanda gari. Si suala la woga. Desemba 2016, Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, alitangaza kwamba utafiti ulikuwa umeonyesha dalili za virusi vya Zika nchini Tanzania. Wizara ya Afya ikajitokeza kusema hakuna mlipuko wa Zika, na siku moja baada ya tangazo lake uteuzi wake ukatenguliwa na Rais Magufuli. Baadaye alikwenda kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani. Somo la kisiasa kila mtu atajichotea mwenyewe. Lile la lugha nitalirudia hatua ya 4: "kirusi kimeonekana" na "kuna mlipuko" ni mambo mawili, na pengo kati yake linaweza kummeza mtu.

Tanzania kuna pia suala la takwimu. Sheria ya Takwimu ilirekebishwa mwaka 2018 ikawabana watu waliotoa takwimu zinazopingana na za serikali, kisha mwaka 2019 ikalegezwa. Ukitaja namba, taja imetoka wapi: utafiti wenu, sensa, au ripoti ya wizara. Inakulinda, na pia ndiyo sayansi yenyewe.

Ruhusa ikichelewa, mwambie mtayarishaji ukweli. Kuna wanaozima simu, na saa mbili kiti kinabaki wazi au kinakaliwa na mwenye maneno mengi kuliko elimu.

Hatua ya 3: Sentensi tatu, basi

Katika dakika tatu za mahojiano utaongea dakika mbili, na mtazamaji anayeepua chungu huku mtoto akilia atabaki na jambo moja. Ukiwa na bahati, matatu. Chukua karatasi, andika sentensi tatu: kinachojulikana, kwa uhakika gani, na mtu afanye nini usiku huu. Hiyo ya tatu ndiyo wataalamu wengi huisahau, nayo ndiyo mtazamaji aliyowashia televisheni.

Tutumie mfano wa kweli. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja kwamba yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yakapanga foleni mpakani, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, likiwemo la cheti cha usalama. Kila kituo kikataka mtaalamu. Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Anayeanza atatoa mhadhara: kuvu aina ya *Aspergillus flavus*, aflatoksini B1, mbinu za maabara, na dakika zimeisha kabla hajafika kwenye ini. Aliyejiandaa atasema hivi: "Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Tuna uhakika kwamba ikizidi inaua ini, na kwamba kupika ugali hakuiondoi, lakini gunia lipi lina sumu hatuwezi kujua kwa macho mpaka lipimwe. Nyumbani, tupa punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu, na usihifadhi mahindi ambayo hayajakauka." Isome kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Ni kama nusu dakika. Muda unaobaki ni wa maswali.

Beba na kitu cha kuonyesha, kama kipo. Kwa mahindi mimi ningebeba chupa ya soda iliyokauka kabisa, chumvi kavu na mahindi ya aina mbili. Tia mahindi na kijiko cha chumvi, tikisa, kisha uache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yamekauka vya kutosha. Mpiga picha atakupenda, na bibi wa Kiteto ataifanya kesho asubuhi. Ila hapo hapo umalizie: chupa hii inapima ukavu, haipimi sumu. Usipoisema hiyo, umetengeneza maabara ya uongo nchi nzima.

Hatua ya 4: Maneno yanayokusaliti

Hapa nitakaa kidogo, maana miongozo mingi niliyoiona inasema tu "tumia lugha rahisi" na kupita. Shida kubwa si maneno magumu. Neno gumu mtangazaji atakuuliza maana yake. Shida ni maneno mepesi ambayo wewe unayatumia kwa maana moja na mtazamaji anayasikia kwa nyingine, na hakuna atakayeuliza kwa sababu kila mmoja anadhani ameelewa.

*Nadharia.* Kwako ni maelezo yaliyojengwa juu ya ushahidi mwingi na kupimwa mara nyingi. Mtaani nadharia ni kinyume cha vitendo: "hiyo ni nadharia tu, njoo kwenye hali halisi." Ukisema "nadharia ya mabadiliko ya viumbe" umeshajishinda mwenyewe. Sema "jinsi viumbe vinavyobadilika, tunavyoiona kwenye vimelea vya malaria vinavyozizoea dawa."

*Wastani.* Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema "mvua za wastani" inamaanisha kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi ambacho eneo hilo hupata kwa kawaida, kwa kulinganisha na miaka mingi iliyopita. Msikilizaji anasikia "mvua za kiasi, si nyingi si kidogo." Sasa, mvua ya kawaida ya Dodoma kwa mwaka mzima ni ukame kwa mtu wa Bukoba. Kwa hiyo "mvua za wastani" kwa mkulima wa Dodoma haina maana kwamba atavuna mpunga. Na "chini ya wastani" kwa mtu wa Bukoba bado inaweza kumnyeshea mpaka achoke. Badala ya neno tupu, sema: "Dodoma watapata mvua waliyoizoea, kwa hiyo mtama na uwele ni salama kuliko mahindi."

*Mlipuko.* Tunalo neno moja kwa bomu, kwa volkano na kwa kipindupindu. Ukilitamka, watu wanaona moto. Ugonjwa ulioonekana kwa watu wachache, au kingamwili, yaani alama za mwili kupambana na kirusi, zilizopatikana kwenye damu ya watu ambao hata hawakumbuki kuugua, si mlipuko, na inabidi uliseme hilo wewe kabla mtangazaji hajakuwekea neno mdomoni. Akikuambia "kwa hiyo Dokta, kuna mlipuko," usiendelee kana kwamba hujasikia. Simama: "Hapana, tuweke sawa kwanza. Kirusi kimeonekana. Watu wengi kuugua kwa wakati mmoja, hilo bado hatujaliona."

*Uwezekano.* Kwa Kiswahili cha kila siku "kuna uwezekano" ni namna ya adabu ya kusema "ndiyo." Fundi akikuambia kuna uwezekano gari likawa tayari kesho, unakwenda kesho. Kwako uwezekano unaweza kuwa mmoja kati ya elfu. Basi usiuache uchi, uvishe ukubwa: "upo, lakini ni mdogo sana," au "ni mkubwa kiasi kwamba ningekuwa huko ningehama leo."

Kuna pia *chanya*. Majibu ya maabara yakiwa chanya, mgonjwa amepata habari mbaya, na nimemwona mama akitabasamu aliposikia neno hilo. Sema "ameonekana na ugonjwa," yatosha.

Kuhusu kuchanganya na Kiingereza, mimi si mkali kama wengine. Kama neno limeshaingia sokoni, bakteria, virusi, oksijeni, litumie bila kuomba radhi. Sumukuvu ni neno zuri kuliko aflatoksini kwa sababu linajieleza: sumu, ya kuvu.

Hatua ya 5: Namba

Namba moja kwa mahojiano. Mbili ukiwa hodari. Na usitaje "imeongezeka mara mbili" bila kusema imetoka ngapi ikafika ngapi.

Uingereza waliyaonja hayo Oktoba 1995. Kamati ya usalama wa dawa ilitoa onyo kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Vyombo vya habari vikaipokea hivyo hivyo, maradufu. Namba halisi zilikuwa kama mwanamke 1 kati ya 7,000 kwa vidonge vya zamani, na 2 kati ya 7,000 kwa vipya. Ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya kugandisha damu kuliko vidonge hivyo. Lakini wanawake wengi waliacha kumeza, mimba zisizotarajiwa zikaongezeka, na mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales unakadiriwa kupanda kwa takriban 13,000. Hakuna aliyesema uongo. Walisema nusu ya hesabu.

Vipimo vidogo navyo vina mtego wake. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hakuna anayeziona mikrogramu. Ukipiga hesabu ni gramu 1 katika tani 100, yaani katika magunia elfu moja ya kilo mia mia. Picha imekaa vizuri, ila ukiiachia hapo watu watacheka: gramu moja kwenye magunia elfu, mnatufungia mpaka kwa hilo? Kwa hiyo iambatanishe na inachofanya. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Hapo anayecheka atanyamaza.

Hatua ya 6: Swali la mwisho

Twende L'Aquila, mji wa milimani katikati ya Italia. Mwanzoni mwa 2009 ardhi ya pale ilikuwa ikitetemeka kwa miezi, matetemeko madogo madogo, na watu wamechoka kwa hofu. Fundi mmoja wa maabara, Giampaolo Giuliani, alikuwa akitangaza kwamba kwa kupima gesi ya radoni anaweza kutabiri tetemeko kubwa. Tarehe 31 Machi serikali ikapeleka wataalamu wa tume ya taifa ya majanga makubwa wakutane hapo hapo mjini. Kabla ya kikao hicho kuanza, Bernardo De Bernardinis, naibu mkuu wa idara ya ulinzi wa raia, alihojiwa na televisheni. Alisema wanasayansi wanamhakikishia hakuna hatari, kwamba nishati inatoka kidogo kidogo na hiyo ni hali nzuri. Mwandishi akamtania: basi tunywe glasi ya divai? Akakubali, akataja na aina yake, Montepulciano.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili, saa tisa na nusu, tetemeko la kipimo cha 6.3 liliupiga mji. Zaidi ya watu 300 walikufa. Familia zilieleza baadaye mahakamani kwamba zamani, ardhi ikitikisika usiku, wazee wao walitoka wakalala uwanjani au ndani ya gari. Usiku ule yalitangulia matetemeko mawili madogo, na wengine hawakutoka, kwa sababu televisheni ilikuwa imewatuliza. Oktoba 2012 mahakama iliwahukumu De Bernardinis na wataalamu sita kifungo cha miaka sita kila mmoja. Novemba 2014 wale sita waliachiwa kwenye rufaa, na yeye akabaki na miaka miwili iliyosimamishwa. Mwaka 2015 mahakama ya juu ikathibitisha hivyo.

Watu wengi huisimulia kesi hii kama wanasayansi waliofungwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko. Sivyo. Hakuna anayeweza kutabiri siku na saa ya tetemeko, na hakuna aliyeshtakiwa kwa hilo. Kesi ilikuwa juu ya kuwatuliza watu kwa maneno yasiyo na msingi. Na angalia mwenye maneno: mhandisi wa maji, si mtu wa matetemeko. Lile la nishati kutoka kidogo kidogo si sahihi, maana tetemeko la kipimo cha 6 hutoa nishati kama mara elfu moja ya lile la 4. Ungehitaji matetemeko madogo elfu moja ili kulipunguzia makali moja kubwa. Lakini swali lilikuwa jepesi, mwandishi anatabasamu, na kibinadamu ukitaniwa unacheka.

Kwa hiyo jizoeze majibu ya swali la namna hiyo. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, swali la kila mtu lilikuwa moja: "Litarudi?" Jibu baya la kwanza ni "msiwe na wasiwasi." Jibu baya la pili ni "hatujui," likaishia hapo. Jibu zuri lina sehemu zote: "Siku na saa hakuna anayeweza kukuambia, anayekuambia anakudanganya. Tunachojua ni kwamba baada ya tetemeko kubwa hufuata madogo kwa siku au wiki kadhaa, na hayo yanaweza kuangusha ukuta ulioshapasuka. Kama nyumba yako imepata nyufa kubwa, usilale ndani mpaka ikaguliwe."

Umeona? "Hatujui" imebaki, lakini haijabaki peke yake.

Fanya zoezi hili usiku wa kuamkia mahojiano, au hata ndani ya gari. Mwombe mtu, mke, mume, mwanafunzi wako, akuulize kwa sauti ya mzaha:

— Dokta, kwa hiyo wewe mwenyewe jana umekula ugali?

— Nimekula. Wa mahindi niliyochambua na kuyaanika mwenyewe juu ya turubai. Ya dukani nauliza kama yamepimwa.

— Basi watu wasiogope?

— Wasiogope ugali, waogope mahindi mabichi kwenye gunia.

— Na serikali ya Kenya imekosea?

— Hilo waulizwe wanaohusika na biashara. Mimi naweza kukwambia kiwango cha 10 kimewekwa kwa sababu gani.

Jibu la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu studio nzima inakutazama na unatamani kuonekana una msimamo. Ukilitoa bila kununa, kwa sauti ile ile ya majibu mengine, mtangazaji ataendelea na lingine na mtazamaji hataona chochote cha ajabu.

Hatua ya 7: Meza ya mjadala

Mjadala una kanuni tofauti na taarifa ya habari. Watayarishaji tunapenda viti viwili vinavyopingana, ndivyo kipindi kinavyochangamka. Kwenye siasa ni haki kabisa. Kwenye jambo ambalo ushahidi wake umeshaegemea upande mmoja, viti viwili sawa ni uongo wa fanicha.

BBC walijifunza kwa gharama. Mwaka 2011, Steve Jones, profesa wa jenetiki, aliandika tathmini iliyowaonya juu ya usawa wa namna hiyo kwenye habari za sayansi. Hata hivyo Agosti 2017, Lord Lawson, waziri wa fedha wa zamani wa Uingereza, alidai kwenye redio yao kwamba joto la dunia lilikuwa limeshuka kidogo katika miaka kumi iliyotangulia, na mtangazaji hakumsahihisha. Aprili 2018 msimamizi wa utangazaji, Ofcom, aliamua kwamba kanuni za usahihi zimevunjwa. Baadaye mwaka huo wahariri wao walikumbushwa kwa maandishi kwamba hawahitaji mpinzani wa mabadiliko ya tabianchi ili kipindi kiwe na mizani.

Wewe ukialikwa kwenye mjadala wa aina hiyo una njia mbili: kukataa, au kwenda ukijua kazi yako ni kuonyesha mzani ulivyo. Mimi huwashauri waende, mradi waulize mapema nani mwingine atakuwepo. Kiti ukikiacha, kitapata wa kukikalia.

Lakini ujihadhari na kosa la upande wa pili, la kudhani kila anayekupinga anapinga sayansi. Chukua mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, nchini Kenya. Marufuku ilitangazwa Novemba 2012, miezi miwili baada ya mwanasayansi Séralini wa Ufaransa kuchapisha utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO wakaonyeshwa wakiwa na uvimbe. Jarida liliufuta utafiti huo mwaka uliofuata, ukachapishwa tena kwingine 2014, na marufuku ikaendelea mpaka Oktoba 2022 baraza la mawaziri lilipoiondoa, na kesi zikaanza. Kwenye meza ya televisheni utakuta maswali manne yamefungwa furushi moja: Ni salama kula? Mbegu ni mali ya nani? Mahindi ya nje yatamshusha bei mkulima wa Trans Nzoia? Nani aliulizwa kabla ya kuamua? Mtaalamu wa jenetiki anaweza kujibu la kwanza. Akijibu yote manne kwa mamlaka ya shahada yake, mkulima aliye mbele yake atamwona ni wakala wa kampuni, na kwa kweli atakuwa ameomba. Lifungue furushi hadharani: "Mzee anasema mambo mawili. La usalama nitamjibu. La bei anajua kuliko mimi."

Na kama utafiti wako umelipiwa na kampuni au na shirika lenye maslahi, liseme mwenyewe dakika ya kwanza. Ukisubiri litajwe na mwenzako wa upande wa pili, umeshapoteza jioni.

Usimkatize mtu mzima anapoongea, hata akikosea. Shika kalamu, andika, subiri zamu. Kwetu anayemkatiza mzee ameshindwa, hata kama ana hoja.

Hatua ya 8: Studioni

Haya ni mepesi. Fika nusu saa kabla. Nguo ya rangi moja, epuka mistari myembamba kwa sababu kwenye skrini inacheza. Maiki ikishabanwa kifuani chukulia iko wazi mpaka itakapotolewa, hata chooni. Mtazame mtangazaji, si kamera, isipokuwa uko mbali na unaongea kupitia kompyuta, hapo tazama kamera yenyewe. Mwambie mtangazaji jinsi ya kulitamka jina lako na cheo chako, na kikaguliwe jinsi kilivyoandikwa chini ya skrini. Nimewahi kumpandisha mtu uprofesa kwa makosa, na wenzake hawakumsamehe yeye. Kama mahojiano yanarekodiwa, malizia kila jibu kama sentensi kamili, maana watakata swali na kubakiza wewe. Ukikosea, sema "naomba nianze tena." Tunaruhusu.

Hatua ya 9: Baada ya taa kuzimwa

Kipande chako hakiishii saa mbili na nusu. Kesho kitakuwa sekunde kumi na tano kwenye makundi ya WhatsApp, bila swali lililoulizwa, pengine na kichwa cha habari ambacho hukukisema. Omba mtayarishaji akutumie mahojiano kamili usiku huo huo, uyahifadhi. Yakisambaa yaliyokatwa vibaya, tuma yale kamili pamoja na sentensi zako tatu zilizoandikwa. Usiingie kwenye malumbano na kila mwenye simu.

Ukigundua mwenyewe umekosea, tuseme ulitaja 100 badala ya 10, usingoje ugunduliwe. Mpigie mtayarishaji kabla ya taarifa ya asubuhi, umpe marekebisho mafupi ya kusomwa: nilichosema, kilicho sahihi, basi. Watayarishaji wengi watayasoma.

Halafu mpigie shemeji yako wa Songea. Mwambie ugali ale, ila mahindi ya gunia lile lililolowa mwezi uliopita asimpe hata kuku.